Shughuli ya Kampuni na Mwenye Shughuli

Kampuni huandaa shughuli za aina nyingi: mkutano mkuu wa wanahisa, uzinduzi wa bidhaa, futari ya wateja mwezi wa Ramadhani, hafla ya kuwapongeza wafanyakazi bora karibu na Mei Mosi, bonanza la michezo, banda katika Maonesho ya Sabasaba, siku tatu za kupanga mkakati Bagamoyo au Naivasha. Zote hulipiwa kutoka fungu moja la bajeti, na mara nyingi hukabidhiwa ofisa yuleyule wa mawasiliano. Zaidi ya hapo hazifanani. Mkutano wa wanahisa ni tukio la kisheria, na taratibu zake zikikiukwa maamuzi yake yanaweza kupingwa mahakamani. Futari ni ukarimu, uzinduzi ni biashara, bonanza ni mapumziko. Anayeziandaa zote kwa orodha moja ya hema, mapambo, mshereheshaji, bafe na mgeni rasmi atapata shughuli zinazofanana kama sare, na nyingi kati yake hazitakuwa zimemfaa aliyealikwa.

Swali la kwanza la maandalizi, kwa hiyo, ni nani mwenye shughuli. Harusini hakuna anayeuliza, maana bwana na bibi harusi wamekaa mbele ya watu wote. Kwenye kampuni jibu hufichika. Anayelipa ni kampuni, anayeamua ni mkurugenzi, anayesubiriwa ni waziri au mkuu wa mkoa, na anayetakiwa kuonekana gazetini kesho yake ni meneja masoko. Mteja, mwanahisa au mfanyakazi ambaye kwa jina lake shughuli imeitishwa anajikuta mtazamaji wa shughuli yake mwenyewe. Makosa mengi yanayoonekana kuwa ya ratiba, chakula au vipaza sauti chanzo chake kiko hapo.

Kila shughuli na wenyewe

Mkutano mkuu wa mwaka ndio mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu sheria yenyewe imekwisha kumtaja mwenye shughuli. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 na ile ya Kenya ya 2015 zinataka mwanahisa apewe taarifa ya mkutano huo siku zisizopungua 21 kabla. Anastahili kupata hesabu zilizokaguliwa, kuuliza maswali, kupiga kura juu ya wakurugenzi na wakaguzi, na kumtuma mwakilishi wa kumpigia kura asipoweza kufika. Kwa mwandaaji, haya ndiyo mambo yasiyojadilika: tarehe ya kutuma taarifa, daftari la wanahisa, akidi, fomu za uwakilishi na hesabu ya kura. Maua yaliyochelewa husahaulika jioni ileile. Taarifa iliyotumwa siku 18 kabla ya mkutano inaweza kuirudisha kampuni mezani na wanasheria.

Hata hivyo, mwanahisa wa Afrika Mashariki amebadilika tangu makampuni yaanze kuuza hisa kwa watu wa kawaida. Safaricom ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2008, laki kadhaa za Wakenya walinunua, wengi wao hisa chache. Nchini Tanzania, benki za NMB na CRDB ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 na 2009 zikiwa na wanahisa wadogo wengi. Mwenye hisa chache akilipa nauli kutoka mkoani kwenda mkutanoni, gawio lake lote laweza kuishia kwenye basi. Ndipo zikaja kofia, fulana, miavuli na pakiti za chakula, na pamoja nazo msukumano wa kuzigombania. Kuwacheka wazee wanaogombea mwavuli ni rahisi, lakini hesabu yao iko sawa: mwavuli ndio gawio pekee watakalolishika mkononi. India ililitatua jambo hili kwa kanuni: tangu mwaka 2015 zawadi haziruhusiwi kwenye mikutano ya wanahisa wa makampuni. Njia nyingine ni kumpa mwanahisa mdogo sababu nyingine ya kuja. CRDB, ambayo kwa miaka mingi imekutana na wanahisa wake Arusha, imekuwa ikiutanguliza mkutano kwa semina, na humo mwanahisa hufundishwa kusoma hesabu na kuelewa soko la hisa. Mpangilio huo una akili. Maswali ya msingi yanapata nafasi na muda wake, na kesho yake mkutano unashughulika na ajenda.

Uviko ulisukuma mambo mbali zaidi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliyaruhusu makampuni yaliyoorodheshwa kukutana na wanahisa kwa njia ya mtandao, na mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili mikutano ya aina hiyo, pamoja na ile ya mseto, iwe halali moja kwa moja. Wanahisa walijiandikisha kwa kubonyeza namba fupi kwenye simu na kutuma maswali kwa ujumbe. Faida iko wazi: mtu wa Lodwar anahudhuria bila kupanda basi. Hasara haisemwi sana. Swali lililotumwa kwa simu hupita mikononi mwa mtu kabla ya kusomwa, na mtu huyo analipwa na kampuni. Ukumbini, mwanahisa mwenye hasira husimama na kusema, na mwenyekiti hana pa kujificha. Kampuni inayoendesha mkutano wa mtandaoni kwa uaminifu huchapisha maswali yote yaliyoingia pamoja na majibu yake, siyo matano yaliyosomwa tu.

Futari ya kampuni inafundisha somo jingine, nalo ni kwamba zipo shughuli ambazo hata mkurugenzi hana mamlaka juu ya saa yake. Adhana ya magharibi ikiita, tende na maji viwe mezani tayari. Hotuba ya dakika ishirini wakati watu wamefunga tangu alfajiri na uji unapoa ni utovu wa adabu, hata msemaji akiwa nani. Mpangilio unaoheshimu wageni ni wa kufuturu kwanza kwa kidogo, kuswali, kurudi kwa chakula kamili, kisha maneno mafupi. Mahitaji yake hayamo kwenye orodha za kawaida za hoteli: mahali pa kutawadhia panapowatosha watu mia mbili kwa wakati mmoja, mikeka, mwelekeo wa kibla uliothibitishwa mapema, nafasi ya wanawake ya kuswalia, na uhakika kwamba nyama imechinjwa kwa kufuata sheria ya dini. Mabenki na kampuni za simu huandaa futari nyingi mno Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, na mgeni huzipima kwa mambo hayo kuliko kwa bango la nyuma ya meza kuu.

Mikutano ya ndani ya kupanga mkakati inahitaji kinyume cha sherehe. Lengo lake ni watu kusema wasichoweza kusema ofisini, hivyo kikundi kidogo, meza ya duara na muda mrefu usio na hotuba vina thamani kuliko ukumbi mkubwa. Nchini Tanzania semina elekezi zilipata umaarufu baada ya Rais Kikwete kuwakusanya viongozi wa serikali yake katika hoteli ya Ngurdoto, Arusha, mwaka 2006, na makampuni yakaiga. Kilichoigwa zaidi kilikuwa hoteli. Mkutano wa mkakati unaofanyika ufukweni huku nusu ya siku ikiliwa na uwasilishaji wa slaidi zilizokwisha kutumwa kwa barua pepe ni likizo ya gharama kubwa, na afadhali uitwe hivyo, maana likizo nayo ina faida yake.

Tarehe na mahali

Kalenda ya ukanda huu ina mitego inayojulikana, lakini bado watu hunaswa. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba, kwa hiyo mikutano ya wanahisa hurundikana Mei na Juni. Katika miezi hiyohiyo Dodoma inakuwa na Bunge la bajeti, na hoteli zake hujaa wabunge, maofisa wa wizara na wenye shida zao. Dar es Salaam huwa na Sabasaba kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, na Barabara ya Kilwa haipitiki kirahisi jioni. Agosti kuna Nanenane mikoani. Kuanzia Juni hadi Septemba watalii hupandisha bei za vyumba Arusha na Zanzibar. Masika, kati ya Machi na Mei, huzifanya hema za bustanini kuwa kamari. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa miaka mitatu iliyopita leo yaweza kuangukia katikati ya mfungo. Sikukuu ya Idi husubiri mwezi uandame. Kupanga uzinduzi siku inayodhaniwa kuwa ya pili ya Idi ni kuomba ukumbi mtupu.

Kuhusu kumbi, inafaa kukumbuka zilijengewa nini. KICC ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1973, na Septemba mwaka huo ilipokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kwanza kufanyika Afrika. Majengo ya AICC mjini Arusha yalikuwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, yakageuzwa kituo cha mikutano mwaka uliofuata, na baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ikawa mpangaji wake. Munyonyo ya Kampala ilikuzwa kwa ajili ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007, na kituo cha mikutano cha Kigali kilifunguliwa 2016 kwa mkutano wa Umoja wa Afrika. Karibu zote ni kumbi za dola: jukwaa kubwa, njia pana ya msafara, vyumba vya wakalimani. Zinafaa sana kwa kura na hotuba. Kwa hafla ya chakula ya watu mia mbili ni kubwa mno, na hakuna mapambo yanayoweza kuficha viti mia sita vitupu.

Ukubwa unaotajwa kwenye kipeperushi cha ukumbi ni wa viti vilivyopangwa mstari kwa mstari. Zikiwekwa meza za duara za watu kumikumi, nafasi hupungua sana, na jukwaa, skrini, meza ya fundi mitambo na sehemu ya kupita wahudumu huimega tena. Mwandaaji makini huuliza ukumbi unachukua wangapi kwa mpangilio wake yeye, kisha huenda kuupima. Huuangalia pia saa ileile ya shughuli, kwa sababu ukumbi uliotulia asubuhi unaweza kuwa jirani na baa inayofungua muziki saa kumi na mbili jioni.

Fedha na wazabuni

Ni sekta ya harusi inayolisha shughuli za kampuni. Wapambaji, wapishi, wapiga picha, mafundi mitambo na washereheshaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wengi wamekulia kwenye harusi na sendofu, na kamati za kampuni zenyewe zimeiga muundo wa kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mhazini, na kamati ndogo za chakula, usafiri na mapambo. Urithi huo ni hazina. Watu hawa wanajua kulisha mia tano bila kelele. Lakini kamati ya harusi huendeshwa kwa undugu, na mwenye kuchelewesha huvumiliwa. Kampuni hudaiwa maandishi. Kazi ya mshereheshaji nayo hubadilika. Utani wa mahari unaochekesha sendofu huwaaibisha watu kwenye mkutano wa wanahisa.

Bajeti huharibika kwa mambo madogo yasiyosomwa. Bei ya shilingi milioni 40 isiyojumuisha kodi ya ongezeko la thamani ni milioni 47.2 kwa kiwango cha asilimia 18 cha Tanzania. Kenya kiwango ni 16. Mzabuni asiyetoa risiti ya kielektroniki ya EFD Tanzania, au ankara ya kielektroniki ya eTIMS Kenya, anaiachia kampuni matumizi yatakayokataliwa wakati wa ukaguzi wa kodi, hivyo unafuu wa bei yake ni wa uongo. Hoteli hutaka idadi ya uhakika siku chache kabla, na baada ya hapo hulipisha idadi hiyo au ya waliokuja, yoyote iliyo kubwa. Hapa desturi na mkataba hugongana, kwa kuwa wageni wengi hawajibu mwaliko. Asiyejibu anaweza kuja, na aliyejibu anaweza kumtuma mwenzake. Dawa siyo kuandika kwa herufi kubwa kwamba mgeni athibitishe. Dawa ni kupiga simu. Watu wawili wenye orodha na simu, siku nne kabla, hupata idadi iliyo karibu na ukweli kuliko mfumo wowote wa mtandao.

Asilimia kumi ya bajeti hutengwa kwa dharura na isiguswe na kamati ya mapambo. Vinavyoila ni vilevile kila mara: jenereta ya pili, basi la ziada, wageni waliozidi, saa mbili za ukumbi zilizoongezeka kwa sababu ya kuchelewa.

Kwa mashirika ya umma kuna kipimo kingine, kile cha macho ya wananchi. Novemba 2015 Rais Magufuli aliagiza fedha zilizochangwa kwa hafla ya wabunge zipelekwe kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, na sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka huo zikabadilishwa kuwa siku ya usafi. Taasisi za umma zikaagizwa kutumia kumbi za serikali badala ya hoteli. Wenye hoteli waliumia, na mengine yaliyokatwa yalikuwa ya maana, lakini tangu hapo ofisa anayeomba fedha za shughuli hulazimika kueleza ni ya nini. Sekta binafsi ingefaidika kwa kuulizwa hivyohivyo.

Vibali

Sehemu hii haina utamu lakini haisameheki. Shughuli yenye wasanii Tanzania hupitia taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na muziki unaopigwa hadharani una wenyewe wanaostahili mirabaha kotekote katika ukanda huu. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009. Ndege ndogo ya kupiga picha angani inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Mifuko ya plastiki ya kubebea zawadi imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na bado kuna makampuni yanayoletewa zawadi zimefungashwa humo kutoka nje. Daftari la mahudhurio lenye majina na namba za simu limekuwa suala la kisheria tangu Kenya ipitishe sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Daftari hilo likiachwa wazi mezani, kila anayepita hulipiga picha.

Mgeni rasmi na saa

Hakuna kitu kinachoamua hatima ya shughuli za kampuni Afrika Mashariki kuliko mgeni rasmi. Akiwa kiongozi wa serikali, huja na ulinzi, itifaki, waandishi wa habari na uzito. Huja pia na ratiba isiyo mikononi mwa mwandaaji. Kikao cha ghafla kinamchelewesha saa mbili, au anamtuma mwakilishi anayesoma hotuba kwa niaba yake. Wakati huo wageni mia nne waliofika kwa wakati wanasikiliza muziki ambao fundi mitambo ameurudia mara tatu, na uzinduzi uliopangwa saa nne asubuhi unaangukia saa sita, jua likiwa utosini.

Wapo wanaodhani suluhisho ni kumwacha kabisa. Kwa kampuni inayotegemea leseni, ardhi au zabuni za serikali, ushauri huo ni wa mtu asiyelipa mishahara. Kinachowezekana ni kupanga shughuli isiyosimama bila yeye. Mambo yenye faida kwa waalikwa, kama maonesho ya bidhaa, mafunzo, maswali na majibu au chai ya kujuana, yawekwe kabla ya kuwasili kwake, na sehemu yake iwe fupi, inayoweza kuchomekwa popote. Mkutano wa wanahisa unaweza kufunguliwa na mwenyekiti wa bodi kwa wakati uliotangazwa, na kiongozi akaja kutoa neno baada ya ajenda. Mpangilio huu unahitaji mtu mmoja wa kuzungumza na ofisi ya kiongozi mapema, kwa uwazi, juu ya dakika ngapi na saa ngapi. Mara nyingi wasaidizi wa viongozi huupokea vizuri, maana nao hawapendi bosi wao aingie kwenye ukumbi uliochoka.

Itifaki inakula muda kwa namna ya polepole. Wazungumzaji wanane, kila mmoja akitumia dakika moja na nusu kuwataja mheshimiwa huyu na mheshimiwa yule, wamekula dakika kumi na mbili kabla ya mtu kusema neno la maana. Ndiyo maana maneno “itifaki imezingatiwa” yamependwa: msemaji wa kwanza akishawataja wote, waliobaki hutumia maneno hayo mawili na kuendelea. Mshereheshaji mzuri huwakumbusha mapema, pembeni, kabla hawajapanda jukwaani. Akishapanda mtu hazuiliki. Mpangilio wa wimbo wa taifa, dua na sala, utambulisho na hotuba uandikwe pamoja na dakika za kila kipengele, na nakala moja iwe mkononi mwa anayeshika saa. Huyo awe mtu mwenye cheo cha kutosha kumwonyesha mkurugenzi kwamba muda umekwisha.

Kuna na jambo la saa zenyewe. Kadi ya Kiswahili inayosema saa 3:00 asubuhi humaanisha muda ambao mgeni kutoka nje, na Wakenya wengi wanaosoma kadi kwa Kiingereza, huuandika 9:00. Shughuli yenye waalikwa wa nchi mbalimbali ikitoa kadi za lugha mbili, kila lugha ikikaguliwa na mtu wake, hutokea mgeni mmoja akaja mapema kwa saa sita au asije kabisa. Kadi iandike “saa 3:00 asubuhi (09:00)” na mjadala uishe.

Siku yenyewe

Mapokezi ni hesabu. Wageni 600 wakitarajiwa kuingia ndani ya dakika 45, na kumpata mtu kwenye orodha na kumpa kitambulisho kukichukua sekunde 40, mhudumu mmoja atawamaliza watu 67. Wanahitajika tisa. Kampuni nyingi huweka watatu, kisha hushangaa kwa nini watu wanaingia ukumbini wakiwa wamenuna. Nairobi, tangu mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na DusitD2 mwaka 2019, kila gari hukaguliwa na kila mkoba hupita kwenye mashine, na foleni hiyo ya nje huongezwa kwenye hesabu.

Chakula ni hesabu vilevile. Meza moja ya bafe inayohudumia pande mbili, kila upande ukipitisha watu watano kwa dakika, huwamaliza wageni 400 kwa dakika 40. Meza mbili zitatumia 20. Gharama ya meza ya pili ni vitambaa na wahudumu wanne. Faida yake ni dakika ishirini za watu mia nne. Kuita meza kwa zamu hupunguza msongamano, ila meza kuu ikiitwa kwanza na ikafuatiwa na zile za wakubwa, mezani pa mwisho watakuta wali na mchuzi bila kuku, na huko mwisho ndiko wanakokaa madereva, walinzi na wafanyakazi wa ngazi ya chini. Kwenye hafla ya kuwapongeza wafanyakazi, hilo ni tusi. Afadhali wapishi wapewe agizo la kugawa nyama wenyewe.

Vyombo vya sauti hujaribiwa ukumbi ukiwa tupu na tena ukiwa na watu, kwa sababu miili ya watu hunyonya sauti. Kipaza sauti cha akiba chenye waya kinakaa tayari jukwaani. Visivyo na waya huishiwa betri katikati ya hotuba ya mwenyekiti, kamwe si ya mtu mwingine. Jenereta huwashwa kabla, siyo kusubiriwa umeme ukatike, na picha na slaidi zote hukusanywa kwenye kompyuta moja jana yake. Uzinduzi wa huduma ya simu au mtandao una hatari yake maalumu: mamia ya watu wakijaribu kitu kilekile kwenye mnara mmoja. Kinachooneshwa jukwaani kiwe na laini yake peke yake.

Waandishi wa habari huitwa kwa habari. Bahasha wanayopewa mlangoni, hata ikiitwa nauli, inapingana na maadili ya taaluma yao, na habari iliyonunuliwa husomeka hivyo. Kampuni yenye jambo la kusema huwapa taarifa iliyoandikwa vizuri, takwimu, picha na mtu wa kuhojiwa ambaye hatasema “hilo sitalizungumzia sasa”.

Kwa shughuli inayokwisha usiku, usafiri wa kurudi ni sehemu ya shughuli. Anayeandaa vinywaji bila kuandaa mabasi ameacha jambo zito mikononi mwa bahati.

Baada ya shughuli

Wasemao kwamba shughuli ni watu wamesema kweli, lakini kuhesabu watu peke yake hakutoshi kuipima. Kila aina ina kipimo chake. Mkutano wa wanahisa hupimwa kwa akidi, kura, idadi ya maswali yaliyojibiwa na malalamiko yaliyofika kwa msimamizi wa soko. Uzinduzi hupimwa kwa mauzo na wateja waliojiandikisha katika miezi mitatu inayofuata, na kama hakuna aliyeandika idadi ya kabla, hakuna kitakachopimwa. Mkutano wa mkakati hupimwa kwa kuangalia, baada ya robo mwaka, ni maazimio mangapi yana jina la mtu na tarehe, na mangapi yametekelezwa. Futari na hafla za shukrani hazipimwi kwa namba nyingi. Simu kumi kwa wageni kumi, zikipigwa na mtu asiyekuwa kwenye kamati, hutoa picha ya kweli kuliko fomu ya tathmini inayojazwa na watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Wazabuni hulipwa kwa tarehe ya mkataba. Mpishi aliyesubiri malipo miezi minne hatakataa kazi ya mwaka unaofuata, ila atapandisha bei kimyakimya kufidia usumbufu, na kampuni itaamini kwamba soko limepanda. Kikao cha tathmini kikae ndani ya wiki moja, kabla kumbukumbu hazijawa hadithi. Kumbukumbu zake, pamoja na mikataba, orodha ya wageni waliofika kweli, idadi ya sahani zilizoliwa, saa halisi ambayo kila kipengele kilianza na namba za wazabuni, ziwekwe kwenye jalada la kampuni. Mara nyingi vitu hivyo hubaki kwenye simu ya ofisa mmoja, na ofisa huyo akihamia kampuni nyingine, kamati ya mwaka unaofuata huanza kuuliza upya ukumbi unachukua watu wangapi.